Mombasa, Unguja au Pemba: kisiwa kipi ukizunguke kwa gari?

Mtu wa Mombasa anayetaka kuzunguka kisiwa kwa gari hana haja ya kwenda mbali kukitafuta. Analala juu yake. Swali ni kama hicho kinamtosha, au avuke mpaka akazunguke Unguja, au aende Pemba ambako watalii ni wachache na mikarafuu ni mingi. Lamu tunaiacha nje ya hesabu hii. Kule mjini punda ndiye mwenye njia.

Wapangaji wengi huanza kwa kupima kilomita, na hapo ndipo wanapokosea. Kilomita ni chache kwenye visiwa vyote vitatu. Kinachokula siku ni vivuko, matuta, vizuizi vya trafiki, na kufika ufuoni ukakuta maji yameshatoka. Kwa hiyo tumeviweka visiwa hivi kwenye mizani ya mambo matano: njia yenyewe, kufika na karatasi zake, gari, pesa, na yale yanayokwamisha watu.

Njia yenyewe

Kisiwa cha Mombasa ni kidogo, takriban kilomita 14 za mraba, na mzunguko wake kwa barabara ni baina ya kilomita 15 na 20 kutegemea vichochoro unavyoingia. Anzia Fort Jesus, teremka Mama Ngina mpaka kwenye mnara wa taa, pita juu ya gati la feri ya Likoni, ingia Mbaraki, panda Moi Avenue chini ya sanamu za pembe za ndovu, nenda Makupa, pinda Tudor, kisha rudi Mji wa Kale kupitia Buxton. Ukienda hivyo unafuata mshale wa saa, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, bahari inakuwa upande wako muda wote. Ukiona pa kusimama, unasimama bila kukata barabara. Kanuni hiyo hiyo inafaa Unguja: toka mjini, nenda kaskazini kwanza, kisha mashariki, kisha kusini.

Ila tusidanganyane. Nusu ya magharibi ya kisiwa chetu ni bandari. Kutoka Mbaraki hadi Makupa utaona kuta, makontena na malori, na maji ya Kilindini utayaona kwa kuchungulia. Mandhari iko kusini na mashariki. Ndiyo maana wanaoujua mji huu huongeza kitanzi cha pili: wanavuka Makupa, wanapita Changamwe hadi Miritini, wanashika barabara ya Dongo Kundu yenye kilomita zipatazo 17, wanapita juu ya madaraja ya Mwache na Mteza, wanatokea Kibundani kwenye barabara ya Lunga Lunga, kisha wanarudi kisiwani kwa feri ya Likoni. Pale Mteza unaona mikoko pande zote mbili na maji ya ghuba chini yako. Kitanzi hicho kina uzuri ambao mzunguko wa mjini hauna, na bado unarudi nyumbani kwa chakula cha mchana.

Mji wa Kale usiingie na gari. Ndia Kuu inapitika, lakini ukikutana na mkokoteni uso kwa uso mmoja wenu atarudi nyuma, na si mkokoteni. Egesha karibu na Fort Jesus utembee.

Unguja ni jambo jingine. Kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi, na lami nzuri inafika karibu kila pembe. Toka mjini kupitia Bububu, Mahonda na Kinyasini, na Nungwi iko kilomita 60 hivi mbele yako. Kutoka hapo unateremka pwani ya mashariki: Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa, Pongwe, Uroa, hadi Chwaka. Hapa ndipo ramani inapowahadaa wageni. Ukiwa Chwaka unaiona Michamvi ng'ambo ya maji, lakini hakuna daraja wala barabara ya pwani. Ghuba ya Chwaka imekata. Lazima urudi ndani, ushike barabara ya Jozani, ndipo utokee Paje. Weka saa moja na nusu kwa kipande hicho, hata kama kwenye simu kinaonekana cha dakika chache. Kutoka Paje una tawi la kaskazini kwenda Bwejuu na Michamvi, na la kusini kwenda Jambiani, Makunduchi na Kizimkazi, kisha unarudi mjini.

Ukijumlisha na michepuko, hesabu kilomita 300. Mwendo wa wastani, pamoja na matuta na vizuizi, ni kilomita 40 kwa saa. Inawezekana kulazimisha yote siku moja, lakini utakuwa umeona barabara, si kisiwa. Siku tatu ndicho kiasi cha haki: moja kaskazini, moja Paje na Michamvi, moja kusini.

Pemba haizungukwi kwa maana hiyo. Ina uti wa mgongo mmoja, Mkoani kusini, Chake Chake katikati, Wete na Konde kaskazini, na matawi yanayotoka kwenda pwani kama mbavu. Kila tawi ni kwenda na kurudi njia ile ile. Mkoani hadi Chake Chake ni kilomita 30 hivi, na Chake Chake hadi Wete ni karibu kiasi hicho. Ardhi ni ya vilima na kona, kijani kila upande. Waarabu wa kale waliiita Jazirat al-Khadra na bado inastahili. Mbavu zinazofaa kufuatwa ni nne: Kidike kuwaona popo wakubwa wa Pemba, Pujini kwenye magofu ya ngome ya mtawala wa kale Mkame Ndume, Ras Mkumbuu kwenye magofu ya msikiti wa kale, na ya mbali kuliko zote, kutoka Konde kupitia msitu wa Ngezi hadi ufuo wa Vumawimbi na mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Siku mbili zinatosha. Tatu kama unataka kwenda kisiwa cha Misali kwa mashua.

Kufika, na karatasi zake

Mombasa: leseni, bima, na salio la kulipia maegesho ya kaunti kwa simu. Basi. Lipa kabla hujashuka garini, maana wafunga magurudumu hawakawii.

Unguja una milango miwili. Wa kwanza ni ndege, ambayo haifiki hata saa moja angani, kisha ukodi gari huko. Wa pili ni kwenda na gari lako: Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, Dar es Salaam, kisha meli inayobeba magari. Watu huupenda mlango wa pili wakiwa kwenye kochi. Hebu tuuhesabu. Mombasa hadi mpakani ni kilomita 105 hivi, Horohoro hadi Tanga 65, Tanga hadi Dar kama 350. Hiyo ni zaidi ya kilomita 500 kabla hujaona meli, na kurudi ni zilezile. Mpakani utatakiwa kuwa na logi buku halisi, bima ya kadi ya njano ya COMESA (bima yako ya Kenya peke yake haivuki), kibali cha muda cha kuingiza gari na ada ya barabara. Kama gari lina mkopo, beba barua ya benki; kama si lako, barua ya mwenye gari. Gari la kukodi la Mombasa halivuki bila idhini ya maandishi ya mwenyewe, na wengi hawaitoi. Barabarani Tanzania uwe na pembetatu mbili za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto ambao haujaisha muda. Kwa safari ya siku tatu mlango huu hauna maana. Kwa familia ya watu sita inayokaa wiki mbili na kupitia Tanga na Bagamoyo, una maana kubwa.

Ukikodi huko, suala ni leseni. Zanzibar ina kibali chake cha kuendesha kwa wageni, na kampuni za kukodisha huwashughulikia wateja wasiokuwa na leseni ya kimataifa. Tuma picha ya leseni na pasipoti siku mbili kabla ya kufika, na usiondoke na gari mpaka karatasi iko mkononi. Aliyetaka kukata mzizi wa fitina huchukua kibali cha kimataifa kwa AA Kenya kabla ya kusafiri. Jambo la pili ni bima ya msafiri ya Shirika la Bima la Zanzibar, iliyoanza kudaiwa kwa wageni tarehe 1 Oktoba 2024. Angalia kiwango kinachohusu pasipoti yako kabla ya kulipa, na usiichanganye na bima ya gari. Hiyo ya msafiri ni ya mwili wako. Ukigonga nguzo, haikusaidii.

Pemba inafikiwa kwa ndege kupitia Unguja, kwa meli kutoka Unguja, au kwa meli ya Tanga siku zake. Meli hazitoki kila siku, kwa hiyo panga safari kwa kufuata ratiba ya meli, usiilazimishe meli ifuate likizo yako. Njia inayowafaa watu wa Mombasa kuliko wanavyodhani ni kwenda Tanga kwa basi, kulala huko, kuvuka kama abiria, na kukodi gari Chake Chake. Majahazi ya mizigo ya Shimoni yaache yabebe mizigo.

Gari

Mombasa gari lolote linafaa, na dogo ndilo bora. Ukiwa na gari refu, utatoa jasho Marikiti.

Unguja, gari dogo linatosha kama unabaki kwenye lami. Lakini nyumba nyingi za wageni Matemwe, Michamvi na Kizimkazi ziko mwisho wa njia ya mchanga na mawe ya matumbawe, na mawe hayo hukata ubavu wa tairi. Ubavu ukikatwa hauzibwi; ni tairi jipya. Kwa hiyo chukua gari la juu kidogo, aina ya Suzuki Escudo au RAV4, ambayo ndiyo imejaa huko. Kabla ya kutia saini, toa dakika kumi. Piga picha za pande zote nne, kioo cha mbele na dashibodi ikionyesha sindano ya mafuta. Fungua nyuma: je, kuna spea yenye upepo, jeki, na spana inayoingia kwenye nati za gari hilo? Ijaribu spana hapo hapo, maana mara nyingi ni ya gari jingine. Washa taa zote, wipa na honi. Angalia tarehe ya mwisho ya bima ya gari. Gari likikatazwa kwenda mahali fulani, katazo hilo liandikwe kwenye mkataba.

Gari huwa linakabidhiwa likiwa na mafuta ya kukufikisha kituo cha kwanza tu. Jaza mjini. Kwa kilomita 300, gari linalokwenda kilomita 9 au 10 kwa lita linahitaji lita 30 hadi 34. Vituo viko kwenye barabara kuu, lakini pwani ya mashariki usitegemee kukuta kimoja unapokihitaji.

Ukinasa kwenye mchanga, usikanyage mafuta; utachimba kaburi la magurudumu. Punguza upepo wa tairi kutoka presha 32 hadi 20, nyoosha usukani, rudi nyuma polepole kwenye alama zako mwenyewe, kisha ujaze upepo kabla ya kurudi lamini. Na ufuoni usiendeshe kabisa, hata ukiona alama za wengine. Chumvi huanza kula breki wiki hiyo hiyo.

Pemba magari ya kukodi ni machache na mengi huja na dereva. Hilo si hasara kwa njia ya Ngezi, ambayo ni ya udongo mwekundu na hugeuka sabuni ikinyesha. Ukipata la kujiendesha, fanya ukaguzi uleule, na mafuta yajaze katika miji mitatu mikubwa.

Pesa

Mombasa unalipa mafuta, maegesho, feri ya Likoni ambayo hutoza gari na kuacha watembeao kwa miguu wapite bure, na viazi karai vya Mama Ngina. Unguja, gari la kati huwa dola 35 hadi 50 kwa siku kabla ya mafuta, na ndege ndiyo inayopandisha hesabu, kwa hiyo watu wanne ndani ya gari moja ndio wanaofaidi. Pemba siku moja ya gari na dereva huwa juu zaidi, lakini siku ni chache. Ukiongeza nauli za kufika, safari ya Pemba ya watu wawili inaweza kuzidi ile ya Unguja ya watu wanne. Kote Zanzibar beba shilingi za Tanzania taslimu. Kibanda cha madafu Makunduchi hakitapokea kadi.

Yanayokwamisha

Mombasa ni foleni. Mzunguko wa dakika 40 saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumapili huwa wa saa mbili na nusu siku ya kazi. Ijumaa kuanzia saa sita mchana barabara za karibu na misikiti hujaa magari. Feri asubuhi na jioni hubanwa na waendao kazini; vuka kati ya saa nne na saa nane. Ukiwa juu ya feri zima injini, tia gia, vuta breki ya mkono na uihakikishe, kwani gari lililoteleza na kuzama Likoni Septemba 2019 lilitufundisha kwamba sitaha ile ina mteremko na inatikisika.

Unguja ni trafiki na maji. Vizuizi ni vingi na mwenye gari la kukodi husimamishwa zaidi. Weka leseni, kibali na nakala ya mkataba pamoja mahali pa kufikia, punguza hadi 50 kila unapoona nyumba, toa salamu kabla ya swali. Kijana anayeanza kwa «shikamoo mzee» hupita haraka kuliko anayeanza kwa kubishana. Ukipewa faini, omba risiti.

Kuhusu maji: pwani ya mashariki ina mwamba mpana, na yakipwa bahari hurudi nyuma mamia ya mita. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kwa kiasi kikubwa: hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne, mchana na usiku. Siku hizo fika Paje au Jambiani asubuhi uwaone wanawake wanaolima mwani kazini, na kuogelea kungoje alasiri. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na saa hugeuka. Nungwi na Kendwa hazina shida hiyo kwa kiasi kikubwa, ndiyo sababu zimejaa. Ukitaka Makunduchi mwezi wa Julai, uliza kwanza siku za sherehe za Mwaka Kogwa. Ama uwepo, ama uikwepe barabara hiyo.

Pemba ni giza na karafuu. Usiku hakuna taa, kuna ng'ombe. Na msimu wa mavuno wenyeji huanika karafuu kwenye mikeka ukingoni mwa lami. Kukanyaga mkeka ni kukanyaga ada ya shule ya mtoto wa mtu. Teremsha mwendo, pita katikati. Ramadhani, Pemba na Unguja pia, beba chakula cha watoto ndani ya gari na ule faraghani.

Nani aende wapi

Una siku moja, watoto wadogo au wazee: zunguka Mombasa Jumapili alfajiri, ongeza Dongo Kundu, rudi kwa feri, malizia jioni Mama Ngina kwa mihogo na madafu. Aliyepata leseni juzi naye aanzie hapa, lakini kwa saa zile za alfajiri tu.

Una siku nne au tano na marafiki wanaogawana gharama, mnataka kuogelea, kula na kulala pazuri: Unguja, gari la kukodi, kwa mshale wa saa. Wachumba pia, ingawa wawili tu watauona uzito wa bei ya gari.

Umeshafika Unguja mara mbili, huna haraka, na meli ikichelewa siku moja hakuna bosi atakayekupigia simu: Pemba, pamoja na dereva wa huko. Ukitaka kujiendesha tu na hutaki mtu mwingine usukani, Pemba itakuudhi.

Una wiki mbili, gari lenye afya na karatasi zote kwa jina lako: nenda na gari lako kwa Horohoro, lakini lipeleke kwanza kwa fundi akague breki, mpira wa feni na viungo vya usukani, na ununue kadi ya njano angalau siku tatu kabla ya kuondoka.

Na kama unasafiri kati ya mwishoni mwa Machi na Mei, wakati wa masika, futa Ngezi na njia zote za mchanga kwenye ratiba. Bakia kwenye lami, au ungoje kusi likaushe njia.